Wanawake Wawili Kwenye Sifuri Nukta Sifuri

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Namsifu Mbwambo aliota amefika kazini akakuta mlangoni, kwenye kiti cha mlinzi, imekaa nukta.

Ilikuwa nyeusi, ya duara, kubwa kama tikiti maji, na ilikuwa inasoma gazeti la juzi. Namsifu hakushangaa. Aliisalimia kama anavyomsalimia mlinzi kila asubuhi. Nukta akaitikia bila kuinua macho, kisha akamuuliza anaingia na tarakimu ngapi.

Namsifu akajibu kwamba hajui, hajawahi kuzihesabu.

"Baada yangu hupita moja tu," Nukta akasema. "Nyingine ziache nje. Ni agizo la Dokta."

Agizo hilo Namsifu alilijua, maana lilikuwa la kweli. Alikuwa mtakwimu wa kituo kimoja cha utafiti wa afya ya uzazi, katika mji mdogo chini ya milima ya Upare, na kwa miaka miwili yeye na wenzake walikuwa wamewafuatilia wajawazito elfu nne mia nane na kumi na wawili mpaka wakajifungua. Ripoti ya muhtasari ilitakiwa kutumwa Alhamisi hiyohiyo, saa nne asubuhi. Jumatano mchana mkuu wake, Dokta Sempombe, alimwita akamwagiza mambo mawili: kila asilimia na kila wastani ubaki na tarakimu moja tu baada ya nukta, na safu ya idadi iondolewe kwenye majedwali ili yaenee kwenye upana wa karatasi.

Dokta Sempombe hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia ripoti yao ilipelekwa ikiwa na wastani wa umri wa miaka 26.41708333, na mgeni mmoja kikaoni akauliza, kwa upole kabisa, kama hao akina mama walipozaliwa kuna mtu alikuwa amesimama pembeni na saa ya wanariadha. Watu walicheka. Dokta naye alicheka, lakini tangu siku ile akiona desimali ndefu alikuwa anavua miwani na kuifuta.

Namsifu alitii. Alibadilisha mpangilio mahali pamoja tu kwenye kompyuta, na majedwali yote kumi na manane yakajikata yenyewe. Alipoyapitia, kwenye jedwali la saba aliona mstari uliosema: Mama kufariki, asilimia 0.0. Akautazama kidogo. Wawili kati ya 4,812 ni asilimia 0.04, na 0.04 ukiikadiria hadi tarakimu moja unapata 0.0. Hesabu ilikuwa sahihi. Akahifadhi faili, akaenda nyumbani, akala wali na mchicha, akalala.

Sasa yuko mlangoni na Nukta anamsubiri.

Urefu wake ni mita 1.63. Nukta anaichukua ile tatu ya mwisho, anaitia kwenye ndoo iliyo chini ya kiti, na Namsifu anaingia akiwa amepungua sentimita tatu. Sketi yake inaburuta. Si jambo la kulalamikia. Ndani anawakuta wafanyakazi wenzake, nao nguo zao zinaburuta, isipokuwa dereva, ambaye alikuwa 1.68 akapandishwa kuwa 1.7, na soksi zake zinaonekana zote.

Anafungua mlango wa ofisi yake. Ofisi haipo. Mahali pake pana ukumbi mrefu wenye sakafu iliyopigwa mistari myeusi, ya wima na ya ulalo, na baina ya kila mistari miwili pana chumba kidogo chenye kibao. Namsifu anatambua mara moja kwamba hili ni jedwali la saba. Amelichora mwenyewe.

Vyumba vimejaa wanawake. Waliojifungua kwa upasuaji wamekaa kwenye 11.3 na wanachambua maharage. Waliojifungulia nyumbani wamekaa kwenye 8.6. Kila mmoja ana namba yake ya utafiti begani, na hakuna mwenye jina, kwa kuwa majina yalifichwa tangu siku ya kwanza kwa sababu za maadili. Wanaitana kwa namba, kwa mazoea, bila ubaya wowote.

Kwenye mstari wa mwisho pana chumba kimefungwa. Kibao chake kinasema 0.0. Nje ya chumba hicho wapo wanawake wawili. Mmoja ni mtu mzima, mnene, ameketi sakafuni amenyoosha miguu. Namba yake ni 0389. Mwingine ni msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, amesimama, kanga ameifunga vizuri kiunoni. Huyo ni 2217.

Namsifu akampa shikamoo yule mkubwa, na yule mdogo akampa Namsifu shikamoo yake. Zote zikaitikiwa.

Wakamweleza kilichotokea. Walikuwa na kibenchi chao hapo ndani, kibenchi cha ile nne ya 0.04, kidogo lakini kinakalika. Jumatano saa tisa alasiri kikaondolewa wakiwa wamekikalia. Mama 0389 akaanguka. Kisha wakatolewa nje na mlango ukafungwa, na tangu hapo hakuna aliyewaambia waende wapi.

"Dada, nikuulize," akasema 2217. "Mimi nimekufa au sijafa?"

Namsifu akasema alivyoona kwenye faili ni kwamba amekufa.

"Basi mbona hapa wanasema hakuna aliyekufa? Nikirudi nyumbani, nyumbani wameshanizika. Nikija hapa, hapa sijafa. Nikae wapi?"

Namsifu akaanza kumweleza. Akasema 0.0 haina maana kwamba hakuna, ina maana kwamba ni kidogo. Mama 0389, aliyekuwa hajasema mengi, akauliza ni kidogo kuliko nini. Namsifu akajibu: kuliko nusu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja.

Mama 0389 akalifikiria jibu hilo.

"Mimi walinibeba watu wanane," akasema. "Na njiani walipokezana."

Namsifu akawaambia wamfuate, watakwenda kuuliza dirishani.

Dirisha la Makadirio liko mwisho wa ukumbi. Nyuma yake amekaa Tano, ile tarakimu yenyewe, kichwa bapa na tumbo mbele, amevaa shati la mikono mifupi. Anagonga mihuri. Kila kipande cha namba kikiletwa anakitazama: kikiwa tano au zaidi anakipandisha ngazi, kikiwa nne au pungufu anakitupa dirisha la nyuma. Hafanyi kwa chuki. Amefanya kazi hiyo miaka mingi.

Namsifu akajitambulisha na kueleza shida. Tano akavuta faili, akalisoma lote, akachukua kalamu na kupiga hesabu pembezoni.

"Ninyi mko sifuri nukta sifuri nne," akawaambia wanawake. "Mkifika sifuri nukta sifuri tano nawapandisha, mnakuwa sifuri nukta moja, mlango unafunguliwa. Hampo mbali. Mnapungukiwa na watu sifuri nukta nne sifuri sita."

"Watu wangapi?" akauliza 2217.

"Pungufu kidogo ya nusu mtu. Mkimpata, njooni. Nafunga saa nne."

Namsifu akataka kujua mtu wa namna hiyo anapatikana wapi. Tano akasema kwa kawaida watu huanza kutafuta kwenye mabaki, akaelekeza kwa kidole dirisha la nyuma.

Wanaruka dirisha. Nje ni mlimani. Pana mashamba ya tangawizi yaliyopandwa kwa matuta, pana ukungu, na baridi ya mwezi wa saba. 2217 anasema hapa ni kwao. Kati ya matuta kuna malundo ya desimali zilizotupwa kutoka kwenye ripoti zote ambazo kituo kimewahi kuandika, na malundo mengine ni marefu kuliko nyumba. Lile la 26.41708333 lina eneo lake peke yake na limezungushiwa uzio.

Wanainama, wanaanza kuchambua.

Haikuwa kazi rahisi. Vipande vingi vilikuwa vya aina nyingine. Vilikuwapo vipande vya miaka, vya siku za ujauzito, vya damu kwa desilita, vya kilomita za kutembea hadi zahanati. Mama 0389 alipata kilomita 0.04 akaijaribu kwa mguu. Akasema ni kama hatua hamsini, ni sehemu yenye utelezi, na anaikumbuka. Akaiweka pembeni. Vipande vya watu vilikuwa vichache. Namsifu alipata 0.02 ya mtu kutoka kwenye wastani wa watoto kwa kila kaya, akaigeuzageuza asijue ni upande gani wa mtoto.

Baada ya muda 2217 akasimama. Alikuwa ameshika kitu cha njano.

Namsifu akamwendea. Kilikuwa kilo 0.046, na kilikuwa kofia ndogo ya sufu.

2217 akaeleza kwa sauti ileile aliyoitumia kuulizia kama amekufa. Kofia ameifuma mwenyewe akiwa na mimba ya miezi minane. Alitaka nyekundu, lakini dukani nyekundu ilikuwa imekwisha. Mtoto alipozaliwa alivishwa, na nesi alipotaka kumpima ndipo alipotaka kumvua. Yeye alikuwa bado ana nguvu za kuongea.

"Nikamwambia asimvue, baridi kali. Akampima nayo. Mizani ikasema kilo mbili nukta tatu nne sita. Hizi arobaini na sita ni za kofia."

Namsifu akamuuliza kama mtoto yupo. 2217 akasema yupo, ana miezi saba, analelewa na bibi yake, ana meno mawili.

Wakarudi dirishani na walichokusanya. Tano akapanga kila kitu juu ya kaunta, akavitenga vya watu na visivyo vya watu, akajumlisha. Vya watu vilikuwa 0.05. Akauliza kile cha njano ni nini. Akaambiwa. Akakirudisha kwa mwenyewe, akisema gramu haziwezi kuwa mtu hata zikiwa nyingi, na hilo si agizo la Dokta, lipo tangu zamani.

Saa ya ukutani inaonyesha saa nne kasoro dakika kumi. Namsifu anaitazama. Anasikia sauti yake mwenyewe ikimuuliza Tano kama mtu hai anaruhusiwa kuchangia.

Tano akasema anaruhusiwa, ni wachache tu wanaouliza. Akatoka nyuma ya dirisha na kipande cha chaki, akampima Namsifu kuanzia unyayo, akachora mstari kuzunguka mapaja yote mawili.

"Hapa ndipo panapoishia sifuri nukta nne sifuri sita," akasema. "Wewe utabaki sifuri nukta tano tisa nne. Hiyo nitaipandisha kuwa moja. Kwenye karatasi utakuwa mzima."

"Na nje ya karatasi?" akauliza Namsifu.

"Nje ya karatasi mimi sihusiki."

Namsifu akaitazama miguu yake. Ilikuwa miguu ya kawaida, wa kushoto una kovu la baiskeli. Akafikiria ngazi za nyumbani kwake, ambazo ni sita. Akaona zinavumilika. Kwa hiyo akakubali, na akainua sketi kidogo ili chaki isifutike.

2217 akamshika mkono.

Akamuuliza Tano: wakipandishwa, kibao kitaandikwa nini? Tano akasema kitaandikwa 0.1. Na 0.1 katika elfu nne mia nane na kumi na wawili ni watu wangapi? Tano akapiga hesabu, akasema ni wanne nukta nane, unaweza kusema watano.

"Sisi ni wawili," akasema 2217. "Hao watatu ni akina nani?"

Tano akalipekua faili tena. Inaonekana ni swali ambalo halikuwahi kufika dirishani kwake.

"Sitaki kuwa sifuri, dada. Lakini na watu watano sitaki kuwa. Kisha wewe utembelee nini? Nimekufa mara moja, mwenzangu naye mara moja. Andika hivyo."

Mama 0389 akasema hata yeye anaona hivyo, na kwamba miguu ya watu si vitu vya kuchezea.

Namsifu akashusha sketi. Aliona aibu, kwa sababu alikuwa mtakwimu na hilo lilipaswa kuwa neno lake. Hapo ndipo alipokumbuka ule mlango wa pembeni. Kila jedwali analolichora huwa na safu mbili, ya idadi na ya asilimia. Safu ya idadi haina mlinzi wala dirisha, maana humo watu hubaki wazima, hawakatwi. Wanahesabiwa tu, moja, mbili, basi. Ile safu aliiondoa yeye mwenyewe Jumatano, kwa kidole kimoja.

Wanakimbia. Ukumbi umekuwa mrefu kuliko mwanzo. Mahali ilipokuwa safu ya idadi pana ukuta mpya, rangi haijakauka, na mbele ya ukuta amesimama Dokta Sempombe na rula ya mbao. Suruali yake inaburuta. Anapima upana wa ukumbi, anaandika kiganjani, anapima tena.

Namsifu akamwambia anaomba safu irudi. Dokta akasema anamwelewa, lakini haitoshi, akamwonyesha rula. Safu ikirudi, akina mama wa upande wa kulia watatokea nje ya karatasi, na huko nje hakuna kitu. Alisema bila ukali. Alionekana amechoka.

"Dokta, hawa ni watu wawili," Namsifu akasema. "Mimi nimeandika hakuna mtu."

Dokta akawatazama wale wanawake. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na aliendelea kuifuta muda mrefu.

"Sijakuambia uandike hakuna mtu," akasema. "Nilikuambia tarakimu moja."

"Ndiyo hiyo hiyo, Dokta. Kwa hawa ndiyo hiyo hiyo."

Akavaa miwani. Akauliza sasa wafanye nini, maana karatasi haitanuki. Namsifu akamwambia wailaze karatasi: jedwali la saba peke yake liwe la ulalo, mengine yabaki wima.

Dokta akalipima wazo hilo kwa rula, urefu na upana. "Karatasi ikilala," akasema, "wote watalala."

Namsifu akasema si vibaya, wamesimama muda mrefu.

Basi karatasi ikalala. Ukumbi ukageuka taratibu, bila kelele, ukuta ukawa sakafu, na wanawake wote elfu nne mia nane na kumi na wawili wakajilaza upande mmoja, kila mtu penye mstari wake, maharage yakakusanywa yasimwagike. Tano akafunga dirisha akalala. Nukta akaletwa kutoka mlangoni, akaulizwa kama ana kazi yoyote kwenye safu ya idadi, akasema hana, akalala na yeye. Ule ukuta mpya ulikuwa umefunguka. Ndani yake palikuwa na chumba kidogo chenye kibao kilichoandikwa 2, hakuna kingine.

Wale wawili wakaingia. Mama 0389 akanyoosha miguu, akasema hapa pana nafasi. 2217 akajilaza kwa ubavu, mikono ameikunja kifuani.

"Ahsante, dada," akasema. "Na wewe lala."

Namsifu akalala kwa ubavu. Alipofumbua macho alikuwa amelala kwa ubavu, kitandani kwake, na ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Saa moja asubuhi alikuwa ofisini. Alililaza jedwali la saba, akarudisha safu ya idadi, na kwenye mstari wa mwisho akaandika 2. Dokta Sempombe alipoingia, Namsifu alimwambia alichofanya na sababu yake. Dokta akainama mbele ya kompyuta, akausoma ule mstari, akauliza kama majedwali mengine yamebaki wima. Akaambiwa yamebaki. Akainuka, akamwambia aitume ripoti kama ilivyo, na aandike chini ya jedwali kwamba pale palipo na watu wachache idadi ndiyo isomwe kwanza.

Ripoti ikatumwa saa nne kasoro dakika kumi na tano.

Baada ya hapo Namsifu alichukua ufunguo wa kabati la fomu. Hakuwa na kazi kwenye kabati hilo. Fomu za karatasi hutoka zahanati zikiwa zimefungwa, huingizwa kwenye kompyuta na watu wengine, na katika miaka miwili yeye hakuwa ameshika hata moja. Alizijua kwa namba tu. Akatafuta 2217. Ilikuwa kurasa tatu, kona imelowa na kukauka.

Kwenye kompyuta, uzito wa mtoto ulikuwa 2.3. Kwenye fomu palikuwa pameandikwa 2.346, na zile tarakimu mbili za mwisho zimepigwa mstari mmoja wa kalamu. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, nesi alikuwa ameandika: *Kapimwa na kofia. Mama amekataa avuliwe.*